Mwongozo wa Mchoraji Mchanga wa Goba: Zima Simu, Ukakae Mbele ya Pagale

Umeshajua kuchora ua la petali tano, samaki wa pembetatu na nyumba inayotoa moshi juu ya paa, ingawa Goba nzima, hapa Dar es Salaam, huwezi kuonyesha nyumba ya namna hiyo. Hongera, umeanza, na wengi hawafiki hapo. Sasa unauliza kinachofuata. Kinachofuata kiko nje ya geti lenu.

1. Usinunue kitu

Penseli ya HB, kifutio, kichongeo na kauntabuku ya dukani vinatosha mwaka mzima. Ile seti ya penseli 24 unayoitamani iache dukani. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 alitumia vipande vya mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka michache tu, na mtindo wake mpaka leo unawapa watu riziki pale Oysterbay. Hakusubiri vifaa vya kizungu, nawe usisubiri.

2. Tafuta pagale

Goba hukosi pagale. Halina rangi, pazia wala maua ya kukuchanganya. Ni kuta na matundu ya madirisha, yaani boksi tupu. Simama mkabala na kona yake ili uone pande mbili. Inua penseli mbele ya macho yako, ilale sawasawa: hapo ndipo ulipo usawa wa macho. Mistari ya ukuta iliyo juu ya usawa huo inateremka kadiri inavyokwenda mbali; iliyo chini yake inapanda. Ukiwa mlimani na pagale liko bondeni, yote inapanda, kwa sababu jengo zima liko chini ya macho yako. Ukilielewa hilo, vilima vya Goba vimekufundisha somo ambalo mtu wa tambarare hulihangaikia.

Kabla ya yote, salimia. Mtu anayekodolea macho kiwanja huku akiandika kwenye daftari, Goba hudhaniwa dalali au mpimaji. Sema, "Shikamoo mzee, najifunza kuchora tu," kisha fungua daftari aone. Huenda akakuletea kiti.

3. Rudi saa kumi jioni

Saa sita mchana jua liko utosini na kuta zote zinafanana. Saa kumi ukuta mmoja unawaka na wa pili umeingia kivulini. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, kisha gawa unachokiona katika mafungu matatu: mwanga, kati na giza. Giza zito kuliko yote liko ndani ya madirisha. Anza nalo, maana ndilo kipimo cha mengine. Kivuli kitie kwa mistari ya penseli. Kidole kaa nacho mbali. Kusugua kunaficha tu usichokiona.

4. Hamia kijiwe cha bodaboda

Watu wa kijiweni hawatulii. Abiria akitokea, uliyekuwa unamchora ameshawasha pikipiki, na umebaki na nusu ya bega. Ndiyo maana ni darasa zuri. Jipe dakika moja kwa kila mtu. Anza na mstari mmoja wa mwili, kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito, halafu mabega, halafu nyonga. Kope na vishikizo vya shati vitakuja siku nyingine. Omba ruhusa: "Kaka, naomba nikuchore." Watakucheka. Baada ya picha ya tatu watagombea zamu.

5. Iga kwa akili

Chukua katuni ya Masoud Kipanya, au ya Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kupata umaarufu akichorea magazeti ya Nairobi. Hesabu mistari ya uso mmoja wenye hasira. Utafute ule unaobeba hasira. Ukiufunika kwa kidole, hasira inaondoka. Sasa funga gazeti, umchore dereva wa kijiweni kwa mistari michache kama hiyo. Hapo umejifunza. Kunakili picha ya simba kutoka kwenye simu kunazoeza mkono, lakini jicho linabaki pale pale.

6. Usichane karatasi

Andika tarehe chini ya kila mchoro, hata uliopinda. Kila mwisho wa mwezi rudi kwenye pagale lilelile, ulichore upya, uweke michoro miwili pamoja. Huo ndio mtihani wako, na majibu yake hayana upendeleo.

Fanya haraka kidogo. Goba inajengwa kila siku: mkorosho unakatwa, barabara ya vumbi inapata lami, pagale linapata paa. Hakuna mchoraji wa mbali atakayekuja kuuhifadhi mtaa huu ukiwa bado katikati ya kujengwa. Kazi hiyo ni ya anayeishi humo, na penseli unayo.