Filta ya Makala

Karibu, mdogo wangu. Sogeza hicho kiti kivulini tuongee kabla patron wako hajamaliza chai. Nimesikia yaliyokukuta. Mzee katoka semina, huko kaambiwa kwamba gari lina filta ya ndani, ile inayochuja hewa kabla haijaingia puani mwa wenye gari, na asubuhi hii kakuuliza, "Ile filta ya klima tuliibadilisha lini?" Nawe ukakodoa macho kama mbuzi wa Kilambo, kule Walikale, aliyekuta ndege imetua barabarani. Umekosea. Kuanzia Goma hadi Walikale swali hilo lina jibu moja: "Juzi tu, patron." Ila ukishasema juzi, hiyo juzi lazima uitafutie ushahidi, na ndiyo sababu nimekuita.

1. Jua kwanza kama unayo

Kama unaendesha Land Cruiser 70, ile jipu ndefu ya mashirika yenye antena kama fimbo ya kuvulia, mshukuru Mungu. Miaka nenda miaka rudi imekuwa ikitoka kiwandani bila filta ya ndani. Kwa hiyo wewe unaweza kuibadilisha kila baada ya miezi mitatu na kuleta fakture, na hakuna fundi atakayeikuta ile ya zamani akakuumbua. Piyesi isiyokuwepo haichakai.

Kama ni Prado, RAV4, Harrier au Noah, kwa kawaida nafasi yake ipo nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya abiria. Na kwa kuwa mengi ya magari yetu yametoka Japani na usukani wake wa kuliani, hapo ni upande wa kushoto, yalipo magoti ya patron. Amekaa nayo jirani miaka minne na hawajaamkiana. Mengine yameshuka melini nafasi ikiwa tupu, mfuniko tu. Ukikuta hivyo, rudi kwenye habari ya Land Cruiser.

2. Ifungue, walau mara moja maishani

Si kwa ajili ya kuibadilisha, ni kwa ajili ya elimu. Toa vilivyomo kwenye droo: karatasi za gari, chaja iliyokufa, tochi, soksi moja. Chomoa kile kimkono cha plastiki cha pembeni kinachoizuia droo isidondoke kwa kishindo. Bana kuta zake mbili kuelekea ndani, nayo itashuka yenyewe. Utaona mfuniko mwembamba wenye vibano. Bonyeza, vuta. Kitakachotoka kimekunjwakunjwa kama daftari lililonyeshewa mvua, na pembeni kina mshale unaoonyesha upepo unakoelekea.

Dakika kumi, kwa mtu mzembe. Siri hii ife na wewe. Kwa patron, hiyo ni kazi ya asubuhi nzima: kushuka Birere kutafuta piyesi, kuzunguka maduka, nauli ya motari, fundi, na fundi msaidizi wa kumshikia fundi taa.

Sasa kabla hujaitupa, isome. Mimi nimesoma filta nyingi kuliko magazeti. Tabaka jeusi la chini, linalokwaruza kama chenga za chupa, ni la Goma na njia ya Sake, ambako tunaendesha juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilishuka mjini Januari 2002, ikarudi hadi ukingoni mwa mji Mei 2021, na tangu hapo tunaisaga kwa matairi na kuivuta kwa pua. Juu yake kuna tabaka jekundu, laini kama unga wa muhogo. Hilo ni la Mushaki na vilima vya Masisi miezi ya Juni hadi Agosti, pale Fuso moja likitangulia unamfuata dereva wake kwa kusikia tu, humwoni. Na kama gari liliwahi kuvuka Nyabiondo likapita Kashebere na Kibua hadi Walikale-centre, pembeni utaona kijani chenye manyoya. Huo ni ukungu wa msituni. Walikale peke yake ni zaidi ya theluthi ya Kivu Kaskazini, na karibu yote ni miti na mvua. Kitu cha karatasi kikiingia huko hakirudi kikavu. Humo humo utakuta maharagwe mawili matatu, na manyoya mengine ambayo si ya ukungu. Panya wa Masisi anajua nyumba nzuri akiiona.

Kwa hiyo usiseme filta imechafuka. Hicho ni kitabu cha safari, na kimeandikwa vizuri kuliko kile cha kilomita unachojaza wewe.

3. Usinunue

Vitabu vya watengenezaji husema ibadilishwe baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000 hivi, na mapema zaidi penye vumbi. Vimeandikwa na watu ambao vumbi kwao ni kitu cha juu ya kabati. Ukivifuata kwenye njia ya Masisi utakuwa unanunua filta kama unavyonunua mikate.

Sisi tuna Kifungu cha 15, katiba ambayo kila Mkongomani anaijua bila kuisoma: jitafutie. Na njia za kujitafutia ni tatu.

Ya kwanza ni kuipigiza kwenye tairi. Vumbi litaruka, watoto watashangilia, na wewe utaonekana mtu wa kazi. La ndani halitoki, lakini nani anaona la ndani?

Ya pili ni upepo wa kompresa, ule wa kujazia matairi. Huu unapendeza kwa sababu kweli unasafisha. Unasafisha kwa kutoboa. Nyuzi zinachanika, matundu yanatokea, na ghafla klima inapuliza kama mpya, kwa kuwa hakuna tena kinachoizuia. Patron atakusifu. Kila alichokuwa hajakimeza mwaka jana atakimeza wiki hii.

Ya tatu ni kuifua kwa sabuni ya unga na kuianika juu ya paa. Mimi siipendi. Karatasi inalegea, ikikauka inakuwa na sura ya chapati, na haikai tena kwenye nafasi yake. Na ukiirudisha mbichi, kuanzia kesho gari litanuka kama godoro la mtoto. Hiyo iachie vijana wanaopenda usafi.

4. Weka filta ya ushahidi

Hapa nakufundisha kitu ambacho wazee wangu walinificha. Ofisi nyingi siku hizi zimejanjaruka: hazilipi piyesi mpya mpaka uonyeshe ile ya zamani. Vizuri sana. Tafuta filta moja iliyokufa kabisa, nyeusi, yenye manyoya, ikiwezekana na haragwe lake. Ifunge kwenye mfuko, iweke chini ya kiti. Hiyo ndiyo "ya zamani" yako mpaka utakapostaafu.

Mimi nilikuwa na moja iliyotolewa mara saba kwenye magari manne, mawili kati yake hayakuwa hata ya Toyota. Wenzangu walikuja kuiazima. Iliwahi kwenda Rubaya bila mimi. Kila ilipoonyeshwa, mtu wa ofisini aliziba pua, akasema "Mungu wangu, tulikuwa tunavuta hiki?" na kutia saini haraka ili kiondoke mezani. Kumbuka hilo, mdogo wangu: uchafu ukizidi, hakuna anayetaka kuukagua.

5. Patron akitaka kuona mpya

Itatokea. Kuna mabwana wabishi. Atasimama hapo na miwani yake, aseme, "Nifungulie niione." Fungua bila woga. Itatoka ile ile ya mwaka juzi, nyeusi tii. Mwangalie usoni, sema kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni, "Hii ni ile ya makala, patron."

Wala si uongo mtupu. Zipo filta zenye tabaka la makala yaliyotengenezwa maalumu ya kunasa harufu, na kweli zinatoka dukani zikiwa na rangi ya kijivu au nyeusi. Ni za bei kubwa kuliko nyeupe. Mwambie hilo la bei, ndilo litakalomtuliza. Mtu wa Kivu kakulia kwenye moshi wa makala, jikoni kwa mama yake hadi leo. Ukimwambia sasa yamewekwa kwenye gari lake kwa ajili ya afya, ataona ndipo maendeleo yalipofika. Kesho yake utamsikia akimwambia mwenzake, "Mimi langu natumia ya makala."

Na tazama atakavyovuta pumzi ndefu akikaa kitini. "Sasa nasikia tofauti," atasema. Wote husema. Sijapata kuona patron aliyelipia kitu akakubali kwamba hasikii tofauti.

6. Harufu, ukungu, na mengineyo

Harufu ina dawa moja. Ukipita Masisi, nunua jibini, lile la duara, liweke nyuma ya kiti. Kuanzia hapo kila harufu ya gari ina mwenyewe.

Vioo vikijaa mvuke wakati wa mvua, ni kwa sababu filta imeziba na feni haifikishi upepo kwenye kioo. Patron hajui. Kila mtu anajua kwamba milima ya Masisi ina ukungu. Futa kwa mkono wa shati, sema "Baridi ya huku!" na uendelee, ukiwa na tundu la ukubwa wa sahani la kuonea maporomoko.

Feni ikianza kulia kama nyuki kwenye kopo, ongeza redio.

7. Usimruhusu ashushe kioo

Huu ndio mlima wenyewe. Siku itafika klima haipulizi kitu, joto limepanda, na mtu mwenye akili angefungua dirisha. Lakini patron akilifungua ataona kwamba hewa ya nje ina nafuu, na wewe umekwisha.

Usihofu. Hatalifungua. Anapita sokoni Sake, watu wanatazama. Kioo kilichofungwa ndicho cheo chake. Mama mwenye mzigo mgongoni anajifunika uso kwa kitenge; kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao, anafumba macho na kusukuma; motari kajifunga leso mdomoni, abiria wake kajificha nyuma ya kofia. Vumbi wanalomeza ni letu, tumeliinua kwa matairi yetu. Patron yuko ndani, analoa jasho ndani ya koti, anakohoa taratibu kwa heshima, na hawezi kujiweka kundi moja nao. Ukitaka kumsaidia, bonyeza kile kitufe cha kuzungushia hewa ya ndani, ili avute ile aliyokwisha kuivuta.

8. Kwenye bariyeri

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Masisi-centre iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-centre ikafuata Machi kisha ikaachwa Aprili. Bariyeri za huku zimebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko gari lako lilivyobadilisha oili. Aliyeshika kamba anaweza kuwa yeyote, na wote wanataka karatasi. Karatasi ziko kwenye droo. Na droo, kwa kuwa uliifungua kwa elimu ukavunja kibano kimoja, imeshikwa na mate na sala.

Yalinikuta mimi. Patron aliivuta kwa ghadhabu atoe hati ya safari. Droo yote ikamwangukia magotini, mfuniko ukafuata, na nyuma yake ikachungulia ile filta yenyewe na kumwaga maharagwe, vumbi la rangi tatu, na kiota. Kijana wa bariyeri akaingiza kichwa dirishani, bunduki begani, akatazama. Patron akanitazama. Nikavuta pumzi nijibu, vumbi likanikaba, nikakohoa mpaka machozi.

"Ni ya makala," patron akamwambia yule kijana, huku akijipangusa suruali. "Ni za bei, hizi."

Kijana akatikisa kichwa kwa heshima, akashusha kamba, na ile matabishi yake ya kutufungulia njia akaiongeza mara mbili.