Namna ya Kueleza Ua la Msituni Bila Kuling'oa

Kabla hujatoka Pongwe, Tanga, liache jembe nyumbani. Liache na panga, pamoja na ule mfuko wa plastiki uliouficha mfukoni, ambao tangu mwaka 2019 umepigwa marufuku hata kubebea nyanya. Anayekwenda kueleza ua la msituni anahitaji daftari, penseli, rula na magoti yenye afya. Peni ya wino usiibebe, kwa sababu unyevu wa magenge ya Tanga utaifuta kazi yako kabla hujafika ukurasa wa pili.

Ua lenyewe ni Saintpaulia, lile linalouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani, nasi tunalo jiweni. Mawe ya chokaa ya Pongwe ni ndugu wa yale ya Kiomoni na Amboni. Kwenye magenge ya namna hiyo, kandokando ya mito Mkulumuzi na Zigi, Saintpaulia ionantha hujishikiza kwenye nyufa zenye kivuli, mizizi yake ikiwa kwenye kiasi kidogo cha mboji na kuvumwani. Ukifika, msalimu kwanza mwenyekiti wa mtaa, mweleze unachokitafuta, umwombe mtu anayeijua njia.

Sasa piga magoti. Ukiandika "ua zuri la porini" umeyaeleza macho yako, mmea bado hujaugusa. Anza na mahali: jiwe gani, kivuli kiasi gani, maji yako umbali gani. Kisha majani. Yamejipanga duara, chini kabisa, kama watu walioketi kuzunguka sinia la pilau, kila jani na kikonyo chake kirefu. Ni manene, yana vinyweleo pande zote, na umbo lake ni la yai au la kuviringana. Yapime yakiwa mahali pake. Rula huenda kwenye jani. Jani haliji kwenye rula.

Kwenye ua usiwe na haraka. Petali ni tano, zimeungana chini kwa bomba fupi sana, rangi yake zambarau inayoelekea buluu. Mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa, kwa hiyo ukichora duara lenye ncha tano zilizo sawa, umechora mmea wa kwenye kanga. Katikati kuna stameni mbili zenye vifuko vya chavua vya manjano. Stili, kile kijiti cha kike cha ua, imeinama upande mmoja: ua hili kulia, jirani yake kushoto, na yote mawili ni ya mmea huohuo. Usigombane na mwenzako aliyechora kinyume chako. Ua halina nekta. Nyuki huja kwa ajili ya chavua tu, na hulishika ua akatetemesha misuli yake mpaka unga umwagike. Mwandike na nyuki. Maelezo yasiyomtaja yamekata nusu ya maisha ya mmea.

Historia iandike kwa majina kamili. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hanover, akautangaza mmea kwa wanasayansi na kuupa jina la familia hiyo. Saint Paul-Illaire alikuwa na kitabu cha kufundishia Kiswahili alichokichapisha 1890. Mmea wetu hata hivyo ukaingia vitabuni bila neno la Kiswahili. Mwaka 2015, kwa ushahidi wa vinasaba, wataalamu waliiingiza jenasi yote ndani ya Streptocarpus. Andika majina yote mawili, ya zamani na ya sasa.

Kanuni za kimataifa zinataka spishi mpya ya mmea ielezwe kwa Kilatini au Kiingereza. Hazikukatazi wewe kuieleza ya zamani kwa Kiswahili, na kazi hiyo naiona ya lazima. Anayechoma chokaa, anayekata kuni na anayepasua kokoto ndio wanaoamua kama kivuli kitabaki juu ya jiwe, nao hawasomi Kilatini. Kivuli kikiondoka, jua hulibabua jani na mmea hufa.

Mkono ukianza kuwasha karibu na mzizi, uingize mfukoni. Saintpaulia huoteshwa kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo, na ndiyo sababu bustani za dunia zimejaa mamilioni yake bila kuhitaji hata shina moja la kwako. Ukiutaka sana nyumbani, nunua uliooteshwa bustanini.

Maelezo yakikamilika, yanakili mara mbili. Nakala moja mpe mwenyekiti aliyekukaribisha, nyingine ipeleke kwa mwalimu wa baiolojia wa shule iliyo karibu, na umwombe awalete wanafunzi na penseli zao kabla genge halijageuzwa kokoto.