Jinsi ya Kufika Kizimkazi kwa Baiskeli Bila Kuona Kitu

Kutoka Mji Mkongwe hadi Kizimkazi ni kilomita 50 na ushei. Njia ni ya lami, haina mlima wa kutaja, na inapita kwenye mashamba, msitu na vijiji ambavyo vingine vilikuwepo kabla ya Mji Mkongwe wenyewe. Kwa hiyo hatari ni kubwa. Asiyejihadhari anaweza kusimama njiani, akazungumza na watu, akarudi mjini anajua jambo. Mwongozo huu umeandikwa ili kumnusuru. Mwandishi ameufuata hatua kwa hatua, na mambo yalimwendea vizuri sana mpaka Kitogani.

1. Nunua baiskeli isiyobeba kitu

Baiskeli ya shamba unaijua: Phoenix nyeusi, chuma kitupu, haina gia, nyuma ina keria ya kubeba gunia la mkaa, tenga la samaki, au bibi aliyekaa upande na mtoto mapajani. Hiyo ni baiskeli ya watu wenye shughuli zao. Wewe huna shughuli, kwa hiyo unahitaji baiskeli ya bei kubwa zaidi. Lipa pesa nyingi ili uondolewe kila chenye faida: keria, madigadi, stendi, kengele. Pampu nayo iache nyumbani. Ina gramu 100, na bila shaka ni hizo gramu 100 zilizokuwa zikikurudisha nyuma maishani.

2. Vaa ujulikane

Kaptula iwe ya kubana, ya rangi zinazogombana. Ukipita kijijini, mama aliyejitwika ndoo atageuka ghafla kutazama mgomba, na mzee aliye barazani atasema "astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Hesabu hayo kuwa ni kushangiliwa. Wako waoga wanaotia kikoi mkobani, wakajifunga kila wanapokaribia nyumba za watu. Hao hukaribishwa kahawa na kashata, na hakuna aliyewahi kuvunja rekodi ya mwendo akiwa na kashata mdomoni.

3. Ondoka saa nne asubuhi, mwezi wa Julai

Wenyeji hutoka baada ya sala ya alfajiri, jua halijakasirika na upepo haujaamka. Usiwaige. Unguja ya kusini haina milima, lakini ina kusi, na mwezi wa Julai kusi hutoka huko huko unakokwenda. Mvuvi yeyote angekwambia hivyo bure, ndiyo maana usimwulize. Tazama utabiri kwenye simu, soma kwamba hakuna mvua, uridhike. Kufika Tunguu utakuwa umeinamia usukani kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha barabarani.

4. Usisalimie

Adui mkubwa wa mwendo ni shikamoo. Upepo unaweza kuukata na kilima unaweza kukipanda, lakini shikamoo ina mkia. Ukishaitoa unasubiri marahaba, na marahaba huja na "hujambo", na "watoka mjini?", na "jua lote hili?", na "ngoja basi unywe maji". Vibaraza vya njia hii havihesabiki. Ukisimama kila palipo na mzee utafika Kizimkazi magharibi inaingia. Dawa yake ni kutupa shikamoo moja hewani, ya jumla, bila kugeuza shingo. Kwa mwendo wa kilomita 27 kwa saa utakuwa umeshapita kabla "mara" haijafika kwenye "haba".

5. Bungi, inamisha kichwa

Hapa pana miembe mikubwa iliyopangwa pande zote mbili za barabara, vivuli vyake vimekutana juu. Ilipandwa na nani miti namna hii? Inahusishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said, aliyekuwa na shamba na jumba lake hapo karne ya 19; magofu ya jumba bado yapo. Ukiinua kichwa utaanza kufikiri. Utajua kwamba jina la bibi limebaki, na majina ya watumwa waliofanya kazi katika mashamba ya zama hizo hayakubaki. Mawazo ya aina hiyo hupunguza kasi. Tazama tairi la mbele. Karibu na hapo pia iko njia ya kwendea Unguja Ukuu, ambako watu walikuwa wakiishi na kufanya biashara na ng'ambo tangu takriban karne ya 7. Lakini hiyo inachepuka, na wewe huchepuki.

6. Jozani, yalaani matuta

Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, barabara imewekwa matuta. Yamewekwa kwa ajili ya kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu. Magari yalikuwa yakimgonga anapovuka kwenda mashambani. Kima huyu hula majani na matunda mabichi, kisha hutafuta mkaa akautafuna ili kutuliza tumbo. Wewe tumbo lako limejaa maji ya sukari ya rangi ya buluu, kwa hiyo huna la kujifunza kwake. Yeye atakaa juu ya tawi akikutazama unavyorukaruka kwenye matuta. Mmoja wenu atakuwa amekuja kutalii.

7. Usipate pancha

Hatua hii ndiyo iliyonishinda.

Nilikuwa nimekaribia Kitogani niliposikia nyuma "fsss", kisha rimu ikaanza kusema na lami. Nikashuka. Chini ya mti, hatua chache mbele, palikuwa na benchi, beseni la maji na mzee mmoja mwenye spana. Hapo mwongozo mzima ukaanguka, kwa sababu hakuna namna ya kumwomba mtu akuzibie pancha bila kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona ulivyokuwa unakuja. Nikasema huyu ama kafiwa, ama anafukuzwa."

Alilifungua tairi kwa mipini miwili ya vijiko, akaivuta tyubu kama anayetoa utumbo wa samaki. Kisha akakishika kile kidomo cha kujazia upepo, chembamba na kirefu, akakigeuza huku na huku, akacheka.

"Hiki nini? Mdomo wa chuchunge!"

Pampu yake ilikuwa ya Phoenix, haikuingia. Yangu ilikuwa nyumbani, na gramu zake 100. Mzee hakuwa na haraka. Alikata ukanda wa tyubu kuukuu, akauzungusha kwenye mdomo wa pampu mpaka ukabana, akajaza upepo. Akaizamisha tyubu kwenye beseni, akaizungusha kidogo kidogo. Povu likatoka sehemu moja, laini, kama mtoto anayenong'ona majini. Akatia alama kwa njiti ya kiberiti, akakausha, akapiga msasa, akapaka gundi, akaipuliza. Kisha akaacha gundi ishike, na ndani ya muda huo akauliza.

"Umepita Bungi?"

"Nimepita."

"Miembe inazaa mwaka huu?"

Nikanyamaza. "Miembe gani, mzee?"

Alinitazama kama daktari aliyemaliza kupima. Hakusema kitu. Alibandika kiraka, akakigonga kwa nyundo mara tatu.

8. Kizimkazi Dimbani, piga picha ya baiskeli

Mpango wangu wa awali ulikuwa huu: fika, egemeza baiskeli ukutani, piga picha, geuza. Ni mpango rahisi, maana msikiti wa Dimbani umeezekwa mabati na kwa nje unaweza kuudhania jengo lolote la kijijini. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Mwenye pupa hupita tu, asijue kwamba ndani, kwenye kibla, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Lakini mzee wa Kitogani alikuwa ameshaniharibia. Nilipokuwa najiandaa kuondoka alinitazama kuanzia magotini kwenda juu, akasikitika.

"Na huko Dimbani utaingia msikitini hivyo?"

Akachomoa kikoi kilichokuwa kimetundikwa kwenye tawi, chake mwenyewe, kimepauka kwa jua. "Jifunge hiki. Ukirudi utanipa."

Basi nikajifunga. Dimbani nikasubiri sala imalizike, nikaomba ruhusa, nikavua viatu vile vinavyogonga sakafu kama kwato, nikaingia. Nilisimama mbele ya yale maandishi kwa muda ambao sikuupima. Kuyasoma sikuweza; mtu aliyekuwa ndani alinionyesha kwa kidole yanapoanza na yanapoishia.

Ningeweza kuwapendekezea wasomaji hatua ya tisa, ya kurudi mjini kwa kasi ili kufidia. Kusi sasa lilikuwa mgongoni, na baiskeli ilikwenda peke yake. Lakini nilikuwa na kikoi cha mtu.

Jioni nilifungua programu ya simu kutazama safari yangu. Ilikuwa imechora mstari mwekundu mzuri, wa kasi, kutoka Dimbani kuja juu. Halafu Kitogani mstari ukakatika, na pembeni pameandikwa: mwendo sifuri, dakika 50. Ukaendelea, ukafika Bungi. Hapo tena sifuri. Miembe inazaa.