Biri ya Kompanyero

Mke wangu hakuwahi kuipenda biri ile, na ndiye aliyeilea. Nalisema hili mapema, maana sisi wanaume tukikusanyika kwenye viti vya plastiki kumkumbuka mwenzetu huwa wepesi wa kujitwalia sifa.

Biri yenyewe ilikuwa Montecristo, imeingia nchini kwenye begi la rafiki yangu ambaye mtaa mzima tulimwita Kompanyero. Alipelekwa Kuba miaka ya themanini kusomea kilimo cha miwa, akarudi na cheti kimoja na hadithi zisizohesabika. Fidel Castro alipoacha kuvuta mwaka 1985, Kompanyero alitusimulia kana kwamba ni habari za mjomba wake. Alitueleza pia jinsi viwanda vya biri vya kule vinavyokuwa na msomaji: mtu anakaa jukwaani na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya huku mikono yao ikiendelea na kazi. Desturi hiyo ilianza Havana mwaka 1865, na zamani ujira wa msomaji ulitoka mifukoni mwa wafanyakazi wenyewe. Inasemekana riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu yule mfungwa aliyegeuka tajiri wa Monte Cristo iliwakolea wasikilizaji, hata chapa hiyo ikapata jina.

Mwanetu wa kwanza alipobatizwa, Kompanyero alinikabidhi biri pamoja na sharti lake: tutaivuta pamoja siku nitakapostaafu. Biri njema ikitunzwa, alisema, ukali unaipungua mwaka hadi mwaka, na ladha inatulia. Neno "ikitunzwa" hatukulijadili.

Wakati huo tulikuwa Tabata, Dar es Salaam, na mama watoto akiuza barafu za ukwaju dirishani. Nikaiweka biri kabatini jikoni, nyuma ya makopo ya viungo, nikaondoka zangu kikazi Mtwara. Nyuma huku mama watoto akafungua pilipili ya unga, akakuta vidudu vya kahawia vinatembea. Akavifuatilia kopo kwa kopo hadi kwenye biri, akaona vimeshaitoboa. Wataalamu wanakiita kidudu hicho Lasioderma serricorne. Tumbaku iliyokaushwa ndiyo karamu yake, lakini pilipili na bizari havikatai, na joto kama la Dar es Salaam linamfaa sana kuzaliana. Kinachomuua ni baridi kali. Mama watoto hakuwa amesoma hayo popote, ila unga ukiingia wadudu huwa anautia kwenye friza. Akaichukua biri, akaisokomeza kwenye kifuko cha barafu, ikaenea barabara, akapiga fundo na kuilaza.

Katikati ya barafu za ukwaju. Rangi ileile, urefu uleule.

Aliyeinunua alikuwa mtoto wa jirani, wa chekechea, na aliyemuuzia alikuwa dada wa kazi. Mtoto akarudi analia. Uchungu hakuulalamikia, alicholalamikia ni kwamba barafu haiyeyuki, na anataka pesa yake. Nyuma yake alikuwepo mama yake, akitaka kujua ni nyumba gani hii inayowauzia watoto tumbaku. Mimi ndiyo kwanza nimetua begi kutoka safari. Nikaikagua biri na kuona ametafuna ncha moja tu, tena ile iliyozibwa, ambayo hukatwa kabla ya kuwasha, kwa hiyo kitaalamu hakuna kilichoharibika. Nikamweleza hivyo yule mama. Haikusaidia. Mtoto alikula barafu za bure kwetu hadi alipoanza darasa la kwanza.

Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma. Wizara yetu ilipofungasha, nasi tukafungasha, na biri ikasafiri kwenye pochi ya mama watoto. Dar es Salaam ilikuwa imeihangaisha kwa wadudu. Dodoma ikaanza kuikausha. Kiangazi cha huku hupasua midomo, na jani la nje la biri, lile jembamba linalochaguliwa kuliko yote, likaanza kupasuka vilevile. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na wenye uwezo huinunulia kisanduku maalumu chenye kipimo. Mama watoto alichukua kigae cha mtungi uliovunjika, akakilowesha na kukiweka pamoja na biri kwenye kopo la biskuti, visigusane. Kila alipomwagilia maua ya barazani, alikilowesha upya. Kompanyero akipiga simu kutoka Morogoro kuulizia biri inaendeleaje, nilimjibu kwamba naitunza vizuri.

Alifariki kabla sijastaafu. Presha, akiwa shambani.

Mwaka uliofuata nikastaafu, na shemeji, mjane wake, akapanda SGR kuja kututembelea. Jioni nikatangaza kwamba leo ndiyo leo. Mama watoto akatazama mapazia yake, akanionyesha mlango wa uani. Huko kulikuwa na tenki la maji, kuku, na upepo wa Dodoma ulioua njiti moja baada ya nyingine. Binti yetu akaja na mafuta ya taa, nikamkatalia, maana tumbaku ingenuka taa hadi mwisho. Ikabidi shemeji na mama watoto wakinge kanga huku na huku, nami katikati nikiizungusha biri taratibu kwenye moto hadi ikashika.

Kompanyero alikuwa ameniahidi harufu ya kahawa na ngozi. Zilikuwepo, na chini yake kulikuwa na bizari. Jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Mzee, mnachoma nini?" Kuku wakahamia upande wa pili bila kufukuzwa. Moshi wa biri haumezwi, unazungushwa kinywani na kuachiwa. Hata hivyo nusu ya kwanza haijaisha, miguu ikaanza kunikana. Nikaletewa chai ya sukari nyingi na amri ya kukaa chini. Shemeji akanipokea biri, akavuta kwa utulivu, akaachia moshi juu ya tenki.

"Shemeji, kumbe nawe ulifika Kuba?"

"Sikufika. Lakini Kuba si ilikaa nyumbani kwangu miaka yote hiyo?"

Mama watoto akasema basi kama ni kiwanda, kiwe kiwanda kweli, msomaji yuko wapi? Riwaya hatukuwa nayo karibu. Binti akaingia ndani, akatoka na daftari la michango ya harusi yake, akasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kusoma: fulani, ahadi elfu hamsini, ametoa thelathini, fulani, ahadi laki, hajatoa. Tulicheka, tukawasema, biri ikizunguka hadi ikafika hata kwa mama watoto, akaionja na kuipitisha upesi. Ndipo likasomwa jina la marehemu. Ahadi laki moja na mbuzi. Laki imepokelewa. Mbele ya mbuzi hapakuwa na alama yoyote.

Mama watoto akasema deni la marehemu limekwisha, lifutwe. Shemeji akaitua biri pembeni ya kisosi. "Lifutwe deni gani? Mbuzi nilimpeleka stendi ya mabasi ya Msamvu kwa mkono wangu, na nauli yake nililipa mimi."