Vyote Vinaitwa Tatu

Karibu kila kichwa cha treni ya mfano kinachotoka kiwandani na dikoda tumboni, yaani kifaa cha kupokea amri, huitwa Tatu. Kiwe cha mvuke au cha dizeli, cha Kijerumani au cha Kiingereza, jina ni hilo hilo. Ndiyo anwani iliyomo kwenye mpangilio uitwao CV1, na mwenye mali anatakiwa aibadilishe kabla hajaweka kichwa cha pili relini. Shemeji yangu anavyo vinne. Ukiviacha hivyo hivyo ukabonyeza firimbi, vinapiga vyote kwa pamoja, na dada yangu anashuka ngazi.

Wanaishi Manchester, na chumba cha wageni ninamolala nikiwatembelea kimezungukwa na reli kila upande. Spika iliyomo ndani ya kila kichwa haizidi kipande cha sukari, lakini ukiisikia alfajiri utatafuta begi lako ukidhani umefika stesheni.

Zamani mchezo huu ulikuwa bubu. Ulizungusha kirungu, umeme ukaongezeka, treni ikaenda. Siku hizi reli ina umeme muda wote, amri zinapita humo humo, na kila kichwa husikiliza anwani yake tu. Tabia zake zimehifadhiwa kwa namba, hizo CV, kila moja ikibeba thamani kuanzia 0 hadi 255. CV3 ni uzito wa kuondoka, CV4 ni uzito wa kusimama. Shemeji alipoipandisha CV4 ili treni isimame kwa heshima kama ya kweli, ilikuwa bado inasimama kwa heshima ilipofika ukingoni mwa meza. Spika ilikuwa inatoa mlio wa breki, tena mzuri sana.

Lakini mchawi hasa ni CV29. Hiyo ni jumla, kama bili ya mkahawa ambayo kila mtu ameagiza chake: 1 kwa kugeuza mwelekeo, 2 kwa hatua nyingi za mwendo, 4 kwa kukubali umeme wa kizamani, 32 kwa anwani ndefu. Mhasibu wa nyumba ni binti yao, Zuhura.

“Mbili na nne na thelathini na mbili, 38, Baba.”

Baba mtu akaandika 39. Tangu hapo, ukikiambia kichwa kiende mbele, kinarudi nyuma, taa ya nyuma ikiwaka kwa kujiamini kabisa.

Dikoda haina namna ya kulalamika. Ikiwa kwenye reli ya kuprogramu, jibu lake ni kuvuta umeme kidogo, miliampea 60 hivi kwa milisekunde 6, na kwa kawaida huupata kwa kushtua mota. Kichwa kinatetema kidogo, basi. Nimemwona mtu mzima amelala kifudifudi kwenye zulia, pilau inapoa, akisubiri mtetemo huo.

Haya yote yana chanzo. Baba yake shemeji alikuwa dereva wa Garratt, mashine za mvuke za daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizoanza kufika Afrika Mashariki mwaka 1955. Ziliundwa na Beyer, Peacock kule Gorton, huko huko Manchester, kwa hiyo shemeji husema hakuhama nchi, alifuata mashine. Garratt ina boila moja katikati na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, ambazo hazikufungwa pamoja. Mapigo yao ya moshi hulingana, yakapishana, yakalingana tena. Huo ndio mlio alioulilia. Akachukua vichwa viwili vya mvuke vya Kiingereza, akavitia msafara mmoja kwa CV19: cha mbele 10, cha nyuma 138, yaani 10 na 128 ya kwenda kinyume. Kisha akaanza kulinganisha mwendo, maana kimoja kilivuta na kingine kikagoma, magurudumu yakiteleza mahali pamoja huku moshi wa spikani ukipamba moto.

Siku nyingine nyaya za reli ya kuprogramu alizichomeka kwenye reli kubwa, eti amechoka kuhamisha vichwa. Kwenye hali ya kuprogramu dikoda hazijali anwani. Akataka kukipa kichwa kimoja namba 47. Kisanduku cha kutolea amri kikaandika kwamba hakuna aliyejibu, akarudia. Kumbe vyote vinne vilikuwa vimesikia na kutii. Aliporudisha reli kwenye kazi yake ya kawaida na kuiita 47, viliondoka vyote, kila kimoja na firimbi yake, na dizeli ikavaa mkia wa mvuke penye daraja.

“Baba Zuhura!” sauti ikatoka juu. “Watu wanafanya kazi kesho!”

Dada hakutaka kujifunza CV hata moja. Alijifunza kitufe kimoja tu kwenye rimoti, F8, ambacho kwenye dikoda zile hunyamazisha. Jumamosi moja, baada ya wiki nzima ya kulinganisha mapigo hadi yakapishana vile vile alivyotaka, shemeji alienda kuoga. Dada akapita, akabonyeza F8 mara moja kwa kila kichwa, akaendelea na nguo zake.

Shemeji aliporudi, treni ilikwenda kimya. Akakagua spika, akasafisha reli, akafungua kifuniko kwa bisibisi ya miwani. Hatimaye akaamua dikoda zimechanganyikiwa, akafanya linalofanywa kwa dikoda nyingi zikishindikana: akaandika 8 kwenye CV8, jambo ambalo hufuta kila kitu na kurudisha hali ya kiwandani. Alifanya hivyo kwa vyote vinne, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, vikawa Tatu, Tatu, Tatu na Tatu.

Zuhura alikuwa anamtazama kutoka mlangoni. “Baba,” akasema, “umejaribu F8?”