Wa Kijani Tunawatupa

Kicheko chao bado kinaniwasha masikioni. Alicheka dereva, akacheka afisa kilimo, wakacheka hata watoto waliokaa juu ya ukuta wa mawe ya volkeno, ambao nina hakika hawakuelewa hata neno. Ilikuwa Mudende, kule juu ya Gisenyi, ambako ukungu wa Karisimbi hushuka mpaka kwenye matuta, nami nilikuwa mkalimani wa mgeni aliyekuja kuona wakulima wanavyohifadhi viazi. Walionikodi walinieleza jambo moja tu kumhusu: anajua Kiingereza.

Mama mwenye shamba alieleza kwa Kinyarwanda, taratibu, kwa ufundi wa mtu aliyelima ibirayi maisha yake yote. Nikatafsiri kwa sauti ya juu, na viazi nikaviita kama kila mtu anavyoviita huku kwetu: Irish. Kumbe mgeni kazaliwa Cork, Ayalandi. Kwa hiyo alichokisikia kilikuwa hiki: Waairishi tunawaweka gizani. Mwanga ukiwapata hugeuka kijani, wakawa na sumu. Wa kijani tunawatupa. Wakubwa tunawauza Kigali. Wadogo tunawazika, ndio mbegu yetu ya msimu ujao. Wakianza kuoza tunawatoa upesi wasije wakawaharibu wenzao.

Mgeni aliacha kuandika. Mama, kwa ukarimu wake, akaniambia: “Mwalimu, mwambie asiondoke bila kula, nimeshaviinjika.” Nikamweleza mgeni, kwa bashasha, kwamba kwa heshima yake kuna Waairishi kadhaa tayari wako motoni.

“Wa kaunti gani?” akauliza, uso mkavu.

Hapo ndipo walipoanza kucheka. Afisa kilimo, aliyekielewa Kiingereza muda wote na kuniacha nizame, alilazimika kushika mti. Nilipokonywa kazi papo hapo, ikapewa binti wa sekondari ambaye kila alipofika kwenye kiazi alikitaja kwa jina lote la Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, kama kinaitwa mahakamani.

Sasa nijitetee. Kampala mhudumu atakuuliza unataka wali au Irish, na hakuna anayeshtuka. Vitabu vya shule vya Rwanda vinasema Irish potato, ripoti za wizara zinasema hivyo hivyo, na mtu mwenye haraka anaangusha nusu ya pili. Kosa ni la Kiingereza, lugha isiyo na ngeli! Kiswahili kingenilinda. Ukisema “tunavichemsha”, hakuna mtu duniani atakayeangalia nyuma kuona kama familia yake imetimia. Ukisema “tunawachemsha”, polisi waitwe. Lakini Kiingereza kina kineno kimoja, them, kinachobeba viazi, mawe, maaskofu na watu wa Cork. Lugha ya namna hiyo ndiyo tunayofanyia mitihani.

Na hata hiyo nusu ninayolaumiwa kwa kuiangusha, potato, ni mali ya wizi. Batata lilikuwa neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, na maana yake ilikuwa kiazi kitamu. Kiazi mviringo, yaani Irish, kilitoka kwingine kabisa, milima ya Andes, ambako Wakechua walikiita papa. Wahispania wakachanganya batata na papa wakapata patata. Waingereza nao waliita potato kile kitamu kwanza. Mviringo ulikuja baadaye, ukaingia chini ya jina hilo, ukanenepa, na mwenye jina akafukuzwa hadi akalazimika kujitambulisha kwa kivumishi. Mwaka 1597 John Gerard, katika kitabu chake cha mimea, aliandika kwamba mviringo umetoka Virginia. Haukutoka Virginia. Huyo hakunyang'anywa kazi.

Tena hao wawili wala si ndugu. Kiazi kitamu ni mzizi. Mviringo ni shina, shina lililojificha ardhini likajaza wanga, na vile vishimo juu yake ni macho, yaani machipukizi yanayongoja zamu. Ndugu zake ni nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Kwa kuwa ni shina, ukiliacha juani linakumbuka asili yake: linatengeneza umbijani kama jani lolote, na sambamba na ukijani huo inaongezeka solanini, sumu chungu inayolilinda dhidi ya walaji. Mama yule wa Mudende hakulitaja jina la solanini hata mara moja, na alilijua jambo lote.

Jina la Irish ndilo linalonichukiza zaidi. Mwaka 1845 ugonjwa uleule ambao wakulima wa Mudende wanauita milidiyu, wakikopa ili kununua Dithane ya kuupulizia, uliingia Ayalandi ukaozesha mashamba. Walikufa watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakapanda meli, huku chakula kingine kikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Zao lililowaua ndilo likabaki na jina lao. Sisi nasi tukaliita kiazi ulaya. Kinyarwanda kinasema ibirayi, na Ulaya yenyewe ni Uburayi. Aliyelitoa Andes hatajwi. Anayelima Mudende hatajwi pia, na bei anapangiwa na mtu mwenye lori.

Halafu niambiwe Kiingereza changu ni kibovu! Nilisomeshwa kwa Kifaransa: pomme de terre, tufaha la ardhini. Mwaka 2008 serikali ikaamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na walimu waliolala wasomi wa Kifaransa wakaamka wanafunzi. Niliwaona watu wazima, wenye chaki mkononi na mvi kichwani, wakijifunza usiku watakachofundisha asubuhi, na mtoto wa darasa la nne akiwasahihisha matamshi. Hakuna aliyewaomba radhi. Bahasha niliyopewa Mudende ilikuwa nyepesi, kwa sababu, eti, “ulitafsiri nusu.” Mgeni, kwa upande wake, alikula viazi na maharage, akaomba tena.

Wala si Mudende tu viazi vilikonitega. Malawi niliomba mbatata nikitaka mviringo, kama neno hilo linavyomaanisha Zanzibar, nikaletewa vitamu.

Mmarekani mmoja alinituma yam. Nikamtafutia kiazi kikuu kwa shida, kumbe alitaka kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, ambacho wakulima wa Louisiana walikibandika jina hilo miaka ya 1930 ili kiuzike.

Kuhusu chips, Mwingereza anataka za moto na Mmarekani anataka za pakiti, sitaki ugomvi. Ukifika Gisenyi agiza ifiriti.