Kompyuta ya Baba Mdogo

Baba mdogo alirudi Shinyanga kutoka masomoni Uingereza miaka ya themanini mwanzoni, na mzigoni mwake kulikuwa na ZX Spectrum: kijikompyuta cheusi cha vitufe vya mpira, kilichotolewa na Sinclair mwaka 1982. Kilikuwa cha bei nafuu, na hakikuja na kioo. Unakichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, kazi imekwisha.

Sebule ya nani? Serikali ilishapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni tangu 1974, na Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi 1994. Wazanzibari walitazama picha za rangi tangu 1973. Sisi huku Usukumani tulikuwa na redio na mawazo yetu. Alivyokipitisha forodhani hajawahi kusema. Nahisi aliyefungua begi alidhani ni kikokotoo. Kikalala kabatini ndani ya khanga, na akili zake zote, hakina pa kuonyesha uso, mpaka aliponikabidhi mimi.

Siku hizi televisheni zipo hadi kwenye saluni, ila zimesoma mno. Spectrum hurusha picha yake kama kituo kidogo cha analogi, chaneli ya 36 ya UHF. Televisheni yangu bapa, ilipoambiwa itafute, ikatafuta dijitali tupu, ikatangaza kwamba hakuna kitu, na katika juhudi hizo ikafuta chaneli zote zilizokuwamo. Ilikuwa karibu saa ya tamthilia. Mama watoto hakusema neno. Alichukua rimoti, akanitazama, akaiweka mezani taratibu.

Nikavuka Geita hadi Katoro, kwa fundi anayetengeneza mashine za kutafutia dhahabu. Kibandani kwake kuna televisheni ya chogo, imefunikwa vumbi la makarasha, nayo haijui hata dijitali ni nini. Wachimbaji waliokuwa wanasubiri vifaa vyao wakasogea.

“Kaka, hiyo inapiga hadi mita ngapi chini?”

“Haitafuti dhahabu.”

“Sasa inatafuta nini?”

Swali zito. Fundi akazungusha kitufe cha chaneli polepole, chenga zikapita, zikarudi, halafu kioo kikawa cheupe kabisa, na chini yake mstari mmoja: © 1982 Sinclair Research Ltd. Watu wakapiga makofi. Tukaweka kaseti ya gemu kwenye redio. Spectrum hupakia programu kwa sauti, na sauti yenyewe ni mlio mkali usiovumilika unaodumu dakika kadhaa. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama tunaweza kurudi kwenye taarifa ya habari. Dakika ya mwisho umeme ukakatika, na kompyuta hii umeme ukikatika husahau kila kitu.

Baadaye fundi alifungua kile kisanduku cha bati kinachorusha chaneli, akakiruka, akaunganisha waya wa picha moja kwa moja kwenye tundu lake. Sasa inaingia kwenye tundu la njano la televisheni bapa bila kutafuta chochote, na tamthilia iko salama.

Kama nawe unayo kabatini, usianze na waya wa televisheni. Anza na adapta: ni ya volti 9, na tofauti na adapta nyingi za dukani, hasi iko ndani na chanya iko nje. Ukigeuza, hutaona hata hizo chenga.